Swali Litanguliayo Biashara

Twasikia mara nyingi watu wakisema kwamba falsafa, yaani elimu ya kuchungua maana ya mambo, ni kazi ya wenye vitabu, wala haimfai mtu wa soko. Na tufikiri kidogo kama neno hili ni kweli.

Tuseme Wakristo wawili wa hapa Kaloleni wamechanga fedha, wakanunua mashine ya kusaga mahindi. Wamepatana bei, na zamu za kazi, na kugawana faida nusu kwa nusu. Wote wawili ni waaminifu. Hakuna aibaye hata senti. Mvua zikakosa, wajane wakaja na madebe yao bila fedha. Mmoja asema, Tuwasagie, watalipa baada ya mavuno. Wa pili asema, Faida hii ni karo ya watoto wangu, siwezi kuitoa. Ugomvi ukaingia, shirika likavunjika. Je, mwovu ni yupi? Hatumwoni. Kosa lao ni hili: waliulizana habari ya bei, wasiulizane faida ni ya nini.

Swali hilo si geni mtaani kwetu. Katika jumba ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mwezi wa Januari 1967. Wakauliza: Fedha ni msingi wa maendeleo, au ni tunda lake? Tena, ni mtu wa namna gani afaaye kuongoza? Ndipo wakamkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, au kupokea mishahara miwili, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa, na watu wangali wakibishana juu yake. Lakini hata abishaye hana budi kulijibu swali lenyewe.

Basi, mtu akitafuta mshirika, haitoshi kujua kwamba huketi naye benchi moja kanisani. Amwulize: Faida yetu ni ya nini? Hasara ikija, nani ataichukua? Maskini akibisha mlangoni, tutamjibuje? Naye ajiulize vivyo hivyo. Ajibuye tofauti si adui. Pengine atakuwa jirani mwema kuliko kuwa mshirika.

Bwana wetu alifundisha kwamba ajengaye mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Nasi twaona kwamba katika hesabu hiyo haziingii fedha peke yake.