Mrithi wa Mchoraji ni Nani?

Wapo watu wasemao kwamba sanaa ni mali ya damu: mtoto huirithi michoro ya wazee wake kama arithivyo shamba, na asiye wa ukoo ule hana haki wala uwezo wa kuipokea. Kauli hiyo huvutia masikio. Lakini sisi tufundishao katika sehemu za Osukuru, baina ya Tororo na Busia, tunalo jambo la karibu linaloitia mashakani.

Ng'ambo ya Malaba, chini ya vilima vya Chelelemuk, upo mwamba wa Kakapel, ambao Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 2004. Uso wake umechorwa miviringo na mistari kwa rangi nyekundu na nyeupe. Michoro ya jinsi hiyo ipo pia Nyero, wilayani Kumi, na katika kisiwa cha Dolwe ndani ya Ziwa Viktoria. Wataalamu huihesabu kuwa kazi ya wawindaji waliokaa nchi hii kabla ya Wateso kufika. Kakapel penyewe pamekaliwa tangu kale. Punje ya kunde iliyofukuliwa hapo imepimwa ikaonekana kuwa na umri wa miaka ipatayo 2,300. (Mpaka wetu ni mtoto mchanga mbele ya kunde hiyo: hadi mwaka 1902 mwamba huo ulikuwa upande wa Uganda.)

Basi mrithi wa wawindaji hao ni nani? Kwa kanuni ya damu, yamkini hayumo hata mmoja katika madarasa yetu. Rangi imebaki, mafunzo yamekatika, na hapana aliye hai awezaye kuisoma miviringo ile kwa yakini. Twaona hapa kwamba kazi iliyokwisha kukamilika haifundishi peke yake. Afundishaye ni yule asimamaye kando ya mwanafunzi na kumwambia, "Hapo mkono umeteleza, rudia." Siku alipokufa mtu wa mwisho aliyejua kusema hivyo, urithi ulikatika, ingawa mwamba haukusogea hata shubiri.

Sasa tumtazame Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, na mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu! Hakuwa na chuo wala kitabu. Alikuwa na vipande vya ubao, rangi za kung'aa za dukani, na vijana wachache, wengi wao jamaa zake, walioketi karibu naye wakitazama na kujaribu. Wafuasi wake walisajili ushirika wao mwaka 1990, na mtindo wenye jina lake ungali unachorwa, tena na watu wasio jamaa zake kabisa. Wako wanaoulaumu kwamba ni tembo yule yule na ndege yule yule kwa ajili ya watalii. Lawama hiyo ina ukweli kiasi. Hata hivyo mwanafunzi wa ushairi naye huanza kwa kufuata mizani na vina vya mwingine, wala hatumwiti mwizi.

Huko Makerere swali hili liliulizwa kwa njia nyingine. Bibi Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko katika miaka ya 1930, aliwataka wanafunzi wachote katika maisha ya kwao, akichelea wasije wakawa waigaji wa Ulaya. Nia ilikuwa njema, lakini kwa maoni yetu hofu ilizidi kipimo. Mwanafunzi wake Sam Ntiro alikwenda kusoma London katika miaka ya 1950, akarudi akiendelea kuchora maisha ya Wachaga kwa mkono ule ule. Aliyefundishwa vema haibiwi na anachokiona.

Nasi wenyewe twafundisha Kiswahili watoto ambao nyumbani husema Kiteso au Kijopadhola. Nani atathubutu kuwaambia kwamba lugha hii si urithi wao kwa kuwa babu zao hawakuzaliwa pwani?

Pale Kakapel, juu ya miviringo ya wawindaji, wafugaji waliokuja baadaye walichora ng'ombe. Hawakuikwangua ya kwanza. Ingali yaonekana chini yao. Tuwapelekapo wanafunzi huko, yatupasa kuwaambia kweli kwamba wachoraji wa kwanza hawakuwa babu zao, kisha tuwape karatasi na kalamu, waketi, wachore. Ugumu unatuelekea sisi walimu. Wengi wetu hatukufundishwa kuchora kamwe, na atakayesema "rudia" sharti ajue mkono umeteleza wapi.