Mkono wa Mtu: Oili Inayovuja na Swali la Chanzo

Swali la chanzo ni miongoni mwa maswali ambayo dini na falsafa zimeyarudia kizazi baada ya kizazi: jambo baya linapotokea limetoka wapi, na mtu anahitaji kujua nini kwanza ndipo apate haki ya kukitaja chanzo hicho mbele ya wenzake? Katika gereji za Mwanza, kuanzia Nyakato hadi Igogo, swali hilo huulizwa kila siku kwa umbo dogo linaloweza kuguswa kwa mkono, yaani gari linalonuka kuungua, doa jeusi sakafuni, na mwenye gari anayetaka kujua ni nini kimeharibika na nani wa kulaumiwa. Katika vijiji vya Usukuma swali hilohilo limeulizwa juu ya vifo, maradhi na ukame, na majibu yaliyotolewa kwa haraka yamegharimu maisha ya watu. Mambo haya mawili hayalingani kwa uzito, lakini kosa la kufikiri linaloweza kutendeka katika la kwanza ndilo linalotendeka katika la pili, na kwa kuwa katika injini kosa hilo huonekana kwa macho, ni vyema uchunguzi uanzie hapo.

Oili ya injini hushuka kwa uzito wake, na gari likiwa mwendoni husukumwa pia na upepo kuelekea nyuma na pembeni, hivyo tone linaloning'inia chini ya sampu, ambayo ni bakuli la chuma lililo chini kabisa ya injini, mara nyingi limetoka mahali pengine na limesafiri. Mahali panapovuja kwa kawaida ni juu, kwenye kifuniko ambacho mafundi hukiita tapeti kava. Chini ya kifuniko hicho kuna gasketi, yaani ukanda wa mpira unaoziba mwanya kati ya chuma na chuma, na ukanda huo ukipikwa na joto kwa miaka mingi hukakamaa, hupoteza mnepo wake na kuiachia oili ipenye. Katika injini nyingi bomba la kutolea moshi limeanzia chini tu ya mshono huo, na gari linapopanda kwa gia nzito vilima vya mawe vya Bugando au Isamilo, chuma cha bomba hilo hufikia nyuzi mamia kadhaa za Selsiasi, ilhali oili ya kawaida huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto ikivuka nyuzi 200 hivi. Tone likidondokea hapo hugeuka moshi papo hapo, na dereva huisikia harufu hasa anaposimama, kwa sababu upepo wa mwendo uliokuwa ukiuchukua moshi umekoma.

Kutokana na hayo linafuata jambo ambalo wachunguzi wa mambo ya binadamu wangenufaika kulitafakari. Oili iliyoungua haifiki sakafuni, na oili iliyofika sakafuni haikuungua. Kwa hiyo harufu na doa, ambavyo mwenye gari huviona kama ishara mbili za tatizo moja, vinaweza kuwa mashahidi wa mivujo miwili isiyohusiana. Gari linaweza kunuka bila kuacha doa lolote, na jingine likaacha dimbwi bila harufu. Zaidi ya hayo, harufu yenyewe humwambia mtu kwamba kuna kitu kinachoungua, lakini haimwambii ni wapi wala kila mara ni nini, kwani klachi iliyochoka, waya ulioyeyuka ganda lake na hata mfuko wa plastiki ulionasa kwenye bomba la moshi vyote hutoa harufu ambazo pua isiyozoea huziita kwa jina moja. Kwa ajili hiyo inafaa kutenganisha maneno matatu yanayochanganywa mara kwa mara: ishara, ambayo ni kile kinachomfikia mtu, njia, ambayo ni pale ambapo madhara yalipita, na chanzo, ambacho ni pale yalipoanzia.

Fundi mwenye uzoefu haanzi kwa kufungua nati. Kwanza huiosha injini iliyotapakaa oili ya miezi mingi, baada ya kuvifunika vifaa vya umeme visiingie maji, huikausha, kisha huiwasha na kuitazama kwa tochi kuanzia juu kwenda chini, akingoja mahali pa kwanza patakapolowa. Wengine hupaka poda nyeupe kwenye mishono, kwa kuwa poda huonyesha unyevu kabla jicho halijauona. Kuosha huku si usafi tu, bali ni tendo la kiakili, kwa maana mchunguzi anaondoa kwanza masalia ya mivujo ya zamani, vumbi lililoganda, oili iliyomwagika wakati wa kuongezwa na kila kitu ambacho kingeweza kushitakiwa kwa sababu tu ya kuwapo pale. Mwenye haraka hawezi kazi hii, kwani baada ya kuosha hulazimika kukaa muda fulani bila jibu.

Hata mahali pa kwanza palipolowa hapajawa chanzo. Pistoni zinapofanya kazi, sehemu ndogo ya gesi za mwako hupenya kando ya ringi na kuingia katika tumbo la injini, na watengenezaji wameiwekea injini njia ya kupumulia ili gesi hizo zitoke humo na kurudishwa zikaungue. Njia hiyo ikizibwa na masizi, shinikizo hupanda ndani na kuisukuma oili itokee kwenye mshono wowote ulio dhaifu kuliko mingine. Mtu akibadilisha gasketi pekee, baada ya wiki chache oili hutokea kwenye sili ya krenki, na hiyo ikibadilishwa hutokea kwingine. Hapo ndipo mwenye gari huanza kusema kwamba gari lina mkosi, kwamba fundi ni mwizi, au kwa sauti ya chini zaidi, kwamba kuna mkono wa mtu, msemo ambao kwa Waswahili humaanisha kuwa jirani, ndugu au mshindani ametenda jambo kwa siri, na mara nyingi siri inayokusudiwa ni uchawi.

Ajabu ni kwamba mara nyingi mkono wa mtu upo kweli. Kuna mkono uliokaza nati bila mpangilio mpaka kifuniko kikapinda, na kuna mkono uliopaka silikoni nyingi badala ya kununua gasketi mpya. Mara nyingine ni mkono wa mwenye gari mwenyewe, ambaye kwa hofu ya kuishiwa alijaza oili kupita alama ya juu ya kijiti cha kupimia, au aliyeahirisha kubadilisha oili hadi ikawa tope na kuziba ile njia ya kupumulia. Msemo ni wa kweli kuliko wanaoutumia wanavyodhani. Kosa lao ni kuutafuta mkono huo mbali, kabla ya kutazama viganja vyao. Na hasara haiishii kwa mwenye gari, kwa maana tone lililoanguka barabarani huchukuliwa na mvua hadi Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, ambako wakazi hupata maji na samaki.

Muumini anayesadiki kwamba hakuna linalotokea ila kwa kudura ya Mungu anaweza kuhisi kuwa utafutaji wa namna hii unampunguzia Mungu nafasi yake. Wasiwasi huo ulijadiliwa zamani, tena kwa mfano wa kuungua. Imamu Al-Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa alichokiandika mwishoni mwa karne ya 11, alichukua pamba na moto, vitu ambavyo mkulima wa Usukuma anavijua vizuri, akasema kuwa jicho huiona pamba ikiungua pale inapoguswa na moto lakini haliuoni ulazima wowote unaoufunga moto na kuungua; anayeunguza ni Mungu, na kinachoonekana ni ada, yaani desturi aliyoiweka katika uumbaji wake. Karibu karne moja baadaye mwanafalsafa Ibn Rushd wa Kordoba alimjibu kwamba anayekana visababishi anakana akili, kwa kuwa kukijua kitu ni kuvijua visababishi vyake. Wengi wanaoukumbuka ugomvi huu husahau kwamba Al-Ghazali hakumruhusu mtu aishi kana kwamba ada haipo: alimkataa mwenye kuhofu kuwa kitabu alichokiacha nyumbani kimegeuka farasi, akieleza kuwa Mungu amempa binadamu ujuzi wa kutambua kwamba jambo hilo, ingawa linawezekana, halikutokea. Basi katika fundisho linalompa Mungu uwezo wote bila kubakiza kitu, bado fundi ana wajibu wa kuitazama gasketi, kwa sababu ada ndiyo njia ambayo Mungu amemwachia ya kujua.

Swali gumu zaidi ni lile lisilojibiwa na gasketi. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1937 juu ya Wazande, ambao makazi yao yako kaskazini-magharibi ya Ziwa Viktoria, ng'ambo ya Uganda, alieleza juu ya ghala la nafaka linaloanguka na kuwaumiza waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vyema kwamba mchwa wamekula nguzo. Uchawi uliingia kueleza kwa nini ghala lilianguka saa hiyo, juu ya watu hao. Injili ya Luka, sura ya 13, ina kisa kinachokaribiana sana na hicho, cha mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18, na Yesu akauliza kama hao walikuwa wakosefu kuliko wakazi wote wa Yerusalemu, akajibu kwamba sivyo, kisha akaligeuza neno liwaelekee waulizaji wenyewe kwa kuwataka watubu. Hakuwakataza kuhoji. Alichokikataa ni kuusoma msiba kama hati ya mashitaka dhidi ya aliyepatwa nao.

Uzito wa jambo hili katika kanda ya ziwa unaonekana katika mauaji ya vikongwe, ambayo kwa miongo mingi yamewaangukia hasa wanawake wazee wa Usukuma. Mojawapo ya ishara zilizotumiwa kuwashuku kuwa wachawi ni macho mekundu. Lakini mwanamke aliyepika maisha yake yote ndani ya nyumba isiyo na dohani, akitumia kuni mbichi au mavi makavu ya ng'ombe, atakuwa na macho mekundu. Mavi yanatumika kwa sababu miti imeadimika, na miti imeadimika kwa mambo kadhaa, yakiwamo mashamba ya pamba, wingi wa mifugo na ile kazi ya kufyeka vichaka ili kupambana na mbung'o iliyofanywa Shinyanga kuanzia miaka ya 1920 chini ya mtaalamu wa mbung'o Charles Swynnerton. Wekundu ule, kama tone chini ya sampu, umesafiri kutoka mbali, na waliousoma walisimama kwenye ishara wakaiita chanzo. Mwanauchumi Edward Miguel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu wilaya ya Meatu huko Usukuma, alionyesha kwamba mauaji hayo yalifikia takribani maradufu katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka vivyo hivyo. Shinikizo lilipanda kwa sababu ya njaa, nalo likatokea kwenye mshono ulio dhaifu, ambao ni ajuza asiye na mtetezi.

Inaweza kupingwa kwamba maisha ya binadamu si injini, na pingamizi hilo ni la haki: msiba hauwezi kuoshwa ukakaushwa na kuwashwa upya, na mama aliyefiwa na mtoto haulizi juu ya malaria tu, bali anauliza kwa nini mtoto wake. Swali hilo lina mahali pake katika sala na dua, na linaweza kubaki humo bila jibu hadi kaburini. Lisilo na haki ni kulitoa humo na kulijibu kwa jina la jirani. Kwa hiyo mapadri, wachungaji, masheikh na waganga wa kanda ya ziwa, ambao watu huwaendea kwanza wanapofikwa na msiba, hawana budi kukataa kutaja jina la mtu yeyote, na kusema hivyo waziwazi matangani, pale ambapo minong'ono huanzia. Na jamaa wenye bibi mwenye macho mekundu nyumbani wamtobolee jiko lake dohani mwaka huu, kabla ya mavuno.