Mti Ulioangukia Jiko la Mjane

Somo: Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 13, aya ya 1 hadi ya 9

Katika milima ya Musienene, kwenye njia itokayo Butembo kwenda Lubero, hakuna asiyejua mvua ya mwezi wa kumi. Asubuhi jua huwaka; mchana mawingu hukusanyika juu ya vilima; na jioni upepo huitangulia mvua, ukiinamisha migomba na kung'oa mabati. Nyumba nyingi za huko zimejengwa katika mteremko. Kandokando yake watu wamepanda mikaratusi, miti ambayo asili yake ni nchi ya Australia, nao huipenda kwa mbao, kuni na makaa.

Na ifikiriwe nyumba moja kati ya hizo. Ndani yake anakaa mama mjane pamoja na mwanawe, kijana mkatekumeni atakayebatizwa Pasaka ijayo. Upande wa juu anakaa mzee mmoja, jirani yao, mwenye shamba la miti. Usiku dhoruba inavuma, na mkaratusi wa yule mzee unaanguka juu ya jiko la mjane. Hakuna mtu aliyekufa, ila mbuzi mmoja aliyelala jikoni. Vyungu vimevunjika na mabati yamekunjamana.

Kulipokucha watu wakakusanyika, na maneno yakaanza. Mmoja akasema, “Mti huu haukuanguka bure. Mbona mingine imesimama?” Wa pili akasema, “Mama huyu na mzee yule hawasalimiani tangu mavuno ya maharagwe.” Kisha baba mdogo wa kijana akamvuta kando, akamwambia, “Mwanangu, wewe ndiwe mwanamume wa nyumba hii. Nipe kuku wawili na fedha kidogo, twende kwa mpiga ramli. Atatuonyesha aliyeutuma mti huu.”

Kijana akasimama kimya. Alimwona mama yake akiokota vigae vya chungu, na moyo wake ukawaka. Kukataa kulionekana kama kumwacha mama yake bila mtetezi. Kukubali kulikuwa kuyatupa yote aliyojifunza. Tena alijua ya kuwa jina la mchawi, likikwisha kutamkwa juu ya mzee, halifutiki. Wako waliofukuzwa katika nyumba zao, na wako waliopigwa hata kufa, kwa neno moja lililosemwa asubuhi ya namna hiyo.

Ndipo akafika katekista, shoka begani. Hakuhubiri. Aliuliza kwanza, “Mama ni mzima? Watoto wote wamehesabiwa?” Halafu akawafukuza watoto waliokuwa wakicheza katika shimo la mizizi. Akawaambia watu, “Mti uliolala haujatulia. Shina likikatwa, kisiki chaweza kurudi shimoni kwa ghafula na kumfunika aliyemo. Matawi yaliyobanwa yamejikunja kama upinde. Mwenye kuyakata pasipo kuangalia hupigwa nayo usoni. Wala asisimame mtu upande wa chini, maana gogo hubingirika.”

Kijana akamwuliza, “Mwalimu, ni nani aliyetutendea neno hili?”

Katekista akajibu, “Kabla ya kutafuta mtu, tutazame mizizi.”

Wakaenda wote wawili. Upande wa juu mizizi ilikuwa mirefu, nayo imeng'oka pamoja na udongo uliolowa. Upande wa chini mizizi ilikuwa mifupi, imekatwa sawasawa, na ncha zake zimekwisha kuwa nyeusi.

“Hii haikuvunjwa na upepo,” akasema katekista. “Imekatwa zamani. Imekatwa na nani?”

Kijana akainamisha kichwa. Alikumbuka kiangazi cha mwaka uliopita, alipochimba ukingo apate mahali sawa pa kujengea jiko. Alikutana na mizizi minene, akaikata kwa shoka, akashukuru kwa kuwa uwanja umepanuka. Mti ukabaki juu ya ukingo, hauna cha kuushika upande wa chini. Mvua ikalainisha udongo, upepo ukausukuma, ukaanguka.

Hakuna mtu mwingine aliyelijua jambo hilo. Angeweza kunyamaza. Lakini yule mzee alipoteremka na msumeno wake, huku watu wakimtazama kwa macho makali, kijana alisema mbele ya wote, “Mzee wangu, mizizi niliikata mimi. Unisamehe, maana asubuhi ya leo nilikuwa nikikuwazia mabaya.” Mzee akakaa kitako juu ya gogo. Baada ya kitambo akasema, “Mwanangu, nami niliona tangu mvua iliyopita ya kuwa mti umeinama. Nikauacha, nikitaka uongeze unene nipate mbao nyingi.” Hapo baba mdogo aliondoka polepole, bila kuku na bila fedha. Mbele ya mzee wa kijiji walipatana hivi: shina lipasuliwe, mbao za kutosha zijenge jiko, zilizobaki ziwe za mwenye mti, matawi yawe kuni za mjane.

Mfano huu wafundisha nini?

Watu wa wakati wa Bwana nao waliwaza kama walivyowaza watu wa kijiji hiki. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka na kuua watu 18. Tena Pilato alikuwa ameua Wagalilaya waliokuwa wakitoa sadaka zao. Wengi waliwaza ya kuwa waliokufa hivyo walikuwa na dhambi kuliko wenzao. Bwana wetu Yesu Kristu alikana kabisa. Aliwaambia ya kuwa hao hawakuwa wabaya kuliko wengine, bali kila asikiaye habari hiyo yampasa kutubu yeye mwenyewe. Ayubu naye alipigwa na upepo mkuu ulioiangusha nyumba juu ya watoto wake. Rafiki zake walimshitaki ya kuwa ametenda dhambi, na mwishowe Mungu aliwakemea wao.

Na ionekane vema ya kuwa Bwana alitaja mambo mawili: mnara ulioanguka wenyewe, na mauaji yaliyofanywa na mkono wa mtu. Watu wa Beni na Lubero wanalijua na la pili. Tangu mwezi wa kumi mwaka 2014 familia nyingi katika nchi ya Beni zimewalilia ndugu zao waliochinjwa. Uovu huo una watu walioutenda, na ni haki kuwatafuta kwa sheria na mashahidi. Lakini waliouawa hawakulaaniwa na Mungu. Wala palipo na upepo, mvua na mizizi iliyokatwa, si halali kumtwika jirani damu ambayo hakuimwaga.

Kwa hiyo Kanisa linakataza mambo mawili. Kuuliza wapiga ramli ni kosa juu ya Amri ya kwanza, kwa maana mtu huacha kumtumaini Baba yake aliye mbinguni. Kumhukumu jirani pasipo ushahidi ni kosa juu ya Amri ya nane, hata kama neno halijatoka kinywani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, yaeleza hayo katika namba 2116 na 2477. Mkatekumeni atamkataa Shetani siku ya Ubatizo. Lakini siku ya kujifunza kumkataa ni asubuhi ile ya dhoruba, kuku wakiwa tayari mkononi.

Hata palipo na mkosaji wa kweli, Mkristu hatafuti kisasi. Mwenye heri Isidori Bakanja, mwashi wa Kongo, alibatizwa mwaka 1906. Msimamizi wa shamba la wazungu alimpiga vibaya kwa ajili ya skapulari aliyoivaa. Alimjua kabisa aliyemtenda. Hakuhitaji mpiga ramli. Akamsamehe, akaahidi kumwombea, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Mara baada ya kusema juu ya mnara, Bwana alitoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia samadi. Ndivyo Mungu anavyomtendea mtu: hachukui shoka kwanza, bali huja mizizini. Kwa kuwa kijana yule alikubali mizizi itazamwe, jiko la mama yake lilisimama tena, na mzee hakupotezwa.

MASWALI KWA WAKATEKUMENI

1. Je, ajali ni alama ya dhambi ya aliyepatwa nayo?
Sivyo. Bwana alilikana neno hilo aliposema juu ya mnara wa Siloamu.

2. Yampasa Mkristu kufanya nini dhoruba ikiisha?
Kwanza kuwahesabu watu, kuwasaidia walioumia, na kuondoa hatari. Kisha kutafuta sababu kwa kweli na kupatana na jirani.

3. Mkatekumeni amjibu nini anayempeleka kwa mpiga ramli?
Amjibu kwa heshima, kama inavyompasa mtoto kwa mkubwa wake, ya kuwa haendi.

Kusudi la juma hili: kila mmoja akamsalimu jirani ambaye hajamsalimu siku nyingi, kabla mvua haijanyesha.