Kitenzi Alichokikimbia Karani

Karani wa ghala moja la vifaa vya ujenzi alikuwa mtu wa kuaminika. Leja yake ilisomeka, mifuko iliyoingia na iliyotoka ililingana, na vibarua walimpenda kwa sababu hakumkata mtu posho kwa kuchelewa dakika tano. Kisa chake nakisimulia bila jina wala mji, kwa kuwa kinaweza kumkuta karani, mlinzi au katibu muhtasi yeyote anayetakiwa kuandika kwa Kiingereza jambo lililotokea kwa Kiswahili.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Mchana, wenzake wakiwa kwa mama lishe, kibarua mmoja alipakia mifuko miwili ya saruji kwenye mkokoteni akatoka nayo mlango wa nyuma. Mlinzi alikuwa na homa. Alikuwa amejilaza kwenye mkeka kando ya mlango wa mbele, hakuona kitu. Jioni kijana aliulizwa, akakiri, na mifuko alikuwa ameshaiuza. Makao makuu yakataka taarifa ya maandishi, kwa Kiingereza, maana nakala ingekwenda kwa kampuni ya bima.

Karani akaanza kuandika. Alipofika kwenye "aliiba" akakwama. "Steal" alikijua, lakini jana yake ni ipi? "Stealed" haikumkaa vizuri sikioni. "Stole" ilimjia, akaitilia shaka. Akafungua simu kutafuta neno lenye maana ileile, akapata "rob". Hicho ni kitenzi kitiifu: unaongeza b moja na "-ed", kazi imekwisha.

Ila "rob" hakibebi kitu kilichoibwa. Kwa Kiingereza mtu "stole" mifuko, lakini "robbed" mtu mwingine, au benki, au duka. Mifano yote aliyoiona kwenye simu ilikuwa na mtu aliyetendewa. Basi ikabidi naye amtafute wa kumweka hapo, na aliyekuwa zamu ni mlinzi. Akaandika kwamba kibarua "robbed the watchman of two bags of cement". Kisarufi, sentensi hiyo haina kosa hata moja. Kichwani mwake ilisema "alimwibia mlinzi mifuko miwili ya saruji". Kwenye karatasi ilisema kijana alimnyang'anya mlinzi mifuko hiyo kwa nguvu au kwa vitisho.

Tofauti hiyo si ya walimu wa lugha peke yao. Wizi ni kuchukua mali ya mtu bila haki. Ukiongeza nguvu au vitisho juu ya wizi, unapata unyang'anyi. Na unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa sheria ya Tanzania, hauna dhamana na adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Karani hakutaja silaha, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini alimhamisha kijana kutoka kosa moja hadi jingine zito zaidi, kwa sababu tu alisahau irabu moja.

Kisha likaja neno la pili, na hili linaniuma zaidi kwa kuwa lilitoka kwenye huruma. Karani hakutaka kuandika kwamba mlinzi alilala usingizi, maana angefukuzwa kazi. Alitaka kusema ukweli wenyewe: mgonjwa alikuwa amejilaza. Akachagua "lie", kitenzi sahihi kabisa. Akakiongezea "-d" kama alivyozoea, ikawa "the watchman lied by the door". Jana ya "lie" ya kujilaza ni "lay". "Lied" ni jana ya "lie" nyingine, ya kusema uongo.

Msomaji wa kampuni ya bima, aliyekaa ofisini mbali na mkeka ule, akapata kisa kipya: mlinzi kanyang'anywa saruji, na mlinzi huyohuyo kadanganya. Mtu yeyote makini angehisi njama.

Tunawatahadharisha wanafunzi na makosa kama "goed", ambayo mtoto wa Kiingereza mwenyewe hupitia na hakuna anayedhurika, maana msikilizaji anaelewa. Hatari ni pale "-ed" inapozaa neno halali lenye maana nyingine, na kompyuta isipige mstari mwekundu chini yake. Anayetaka kusema "nilipata pesa" akaandika "founded" badala ya "found" ameandika kwamba alianzisha. Anayetaka kusema mzee alianguka akaandika "felled" badala ya "fell" amesema mzee aliangusha kitu, mti kwa mfano. Maneno haya hayaonekani kuwa makosa mpaka yamemfikia mtu asiyekuwepo.

Kwetu sisi "-li-" inatosha kwa kila kitendo: aliiba, alilala, alidanganya. Hatukuzoeshwa kitenzi kinachogeuka tumboni kwa sababu jambo limeshapita. Kiingereza kina historia ya tabaka juu ya tabaka. "Steal" kilikuwepo kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066. Vitenzi vingi vikongwe vya rika lake hubadili irabu. "Rob" kilitoka kwenye Kifaransa, lugha ya watawala wapya, na vitenzi vya kukopa karibu vyote vilishika njia ya "-ed". Ndiyo maana anayekimbia kitenzi kigumu mara nyingi huangukia cha asili ya Kifaransa au Kilatini: anaacha "bought" anashika "purchased", anaacha "hid" anashika "concealed", anaacha "forgave" anashika "pardoned". Na hivyo havilingani. "Purchased" ni lugha ya zabuni na ankara. "Concealed" ina harufu ya polisi. "Pardoned" inamfaa zaidi rais na mfungwa kuliko ndugu wawili waliopatana.

Wala hakuna pa kukimbilia kwa muda mrefu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2007 ulifuatilia vitenzi 177 visivyo vya kawaida vya Kiingereza cha kale, ukakuta 98 tu ndivyo vilivyobaki hivyo hadi leo. Vinavyotumika kwa nadra ndivyo vilivyofuata "-ed" upesi. Vinavyotumika sana vimedumu na ugumu wao. Kwenda, kuja, kusema, kuona, kuchukua: vyote hivyo kwa Kiingereza ni vya kukariri, na ndivyo taarifa yoyote ya tukio inavyovihitaji.

Karani alivikariri. Alikuwa na jedwali la safu tatu kwenye daftari la shule, na darasa zima liliimba "steal, stole, stolen" bila mtu kuuliza nani aliiba nini. Naamini hapo ndipo alipoponzwa. Kitenzi kilichofunzwa bila mtenda na bila kitu hakina pa kushika. Mwanafunzi aliyeandika mara moja sentensi ya mwizi aliye-"stole" kuku, na nyingine ya jambazi aliye-"robbed" abiria, angejua kwamba visawe hivyo viwili havikai kiti kimoja.

Kwa taarifa ile, kijana alilala mahabusu ya polisi siku nne kabla maelezo hayajachukuliwa upya, kwa Kiswahili. Yeye akasema, "Niliiba." Mlinzi akasema, "Nilikuwa nimejilaza, nina homa." Kosa likaandikwa wizi, kijana akapata dhamana. Kampuni ya bima ikakataa kulipa, ikieleza kwamba taarifa ya kwanza na maelezo ya polisi vinapingana. Karani akaandika barua ya kumsafisha mlinzi, safari hii akiwa na mwalimu wa sekondari pembeni, na neno "lay" likakaa mahali pake. Barua ilifika wakati zamu ya mlinzi imeshapewa mtu mwingine.