Kilichoishiwa Hakitupwi



Mgeni amefika bila taarifa, na mtoto anatumwa dukani kwa Mangi kuchukua soda. Swali la kwanza analoulizwa si la hela: "Chupa umekuja nayo?" Amekuja nayo. Ile tupu inaingia kwenye kreti, iliyojaa inatoka kwenye friji. Ukiishika chupa hiyo vizuri utaona mikwaruzo myeupe tumboni mwake, maana imekwenda na kurudi mara nyingi. Hakuna aliyeiona tupu akadhani kazi yake imekwisha. Inarudi kiwandani, inaoshwa, inajazwa, inatoka tena.

Mwilini mwako, sasa hivi unaposoma, jambo kama hilo linaendelea bila kukoma. Kila seli yako hubeba nguvu yake ndani ya molekuli ndogo sana iitwayo ATP. Msuli ukijikunja, neva ikipeleka habari, kidonda kikianza kufunga, ATP huachia kipande kimoja cha fosfati, na nguvu ya kazi hiyo hupatikana. Ikishaachia inapungua, inaitwa ADP. Lakini seli haiitupi. Huirudishia fosfati, nayo ikawa ATP kama mwanzo, tayari kwa kazi nyingine. ATP iliyomo mwilini kwa wakati mmoja haifiki robo kilo. Hata hivyo, kwa kuwa ATP hiyo hiyo hurudi na kujazwa mamia ya mara kwa siku, ile inayotumika kutwa nzima hukaribia uzito wa mtu mwenyewe. Mwili ungekuwa na tabia ya kutupa kila kilichoishiwa, tusingefika hata saa ya chai.

Je, mpendwa, wewe nawe umewahi kujiona umeishiwa? Pengine ni wewe unayeamka alfajiri kuwaandalia watoto, ukashinda kazini, na jioni ukakesha na mgonjwa. Siku moja unagundua kwamba hata neno jema limekuwa zito kulitoa, na unaanza kujilaumu: imani yangu imekwenda wapi? Nakusihi usijihukumu haraka. Kupungukiwa baada ya kutoa si dhambi. Mkumbuke nabii Eliya chini ya mretemu, amechoka hata akaomba afe. Malaika aliyetumwa kwake hakuja na karipio. Alikuja na mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Safari ilikuwa ndefu, na Mungu alilijua hilo kabla ya Eliya.

Tena, ADP haijijazi yenyewe. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwenye mitokondria, vijumba vidogo vilivyomo ndani ya seli, ambako chakula huvunjwavunjwa kwa msaada wa oksijeni. Nguvu inayopatikana humo huzungusha kimeng'enya kimoja, huzunguka kwelikweli, na kila mzunguko mmoja huunda ATP tatu. Chakula hicho nacho kimetoka kwenye mmea, au kwa mnyama aliyekula mmea. Na mmea ulianzia kwenye jua: umbijani wa majani hunasa mwanga, na kwa mwanga huo maji na hewa ya ukaa hugeuzwa kuwa sukari, oksijeni ikaachiwa hewani.

Wengi tukifika hapo tunadhani mmea kazi yake ni kutulisha sisi tu. Sivyo. Seli za mmea nazo zina mitokondria. Sukari ile ile unaiunguza wenyewe, mchana na usiku, ili uote mizizi, utoe maua, uishi. Mchicha usiojilisha hautalisha mtu. Basi wewe unayehudumia wengine, usione haya kupumzika, kula kwa utulivu, kukaa kimya mbele za Mungu.

Mwaka 1771, mjini Leeds, Uingereza, Joseph Priestley, ambaye alikuwa mchungaji wa kanisa na pia mtafiti wa hewa, alifanya jaribio dogo. Aliwasha mshumaa ndani ya chombo kilichofungwa hadi ukazimika wenyewe. Hewa ile ilikuwa imeharibika. Mshumaa usingewaka tena humo. Akaingiza tawi la mnanaa, akaliacha. Baada ya siku kadhaa mshumaa uliweza kuwaka tena katika hewa ile ile. Miaka minane baadaye daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, alionyesha sharti la jambo hilo: ni sehemu za kijani za mmea zinazoifanya kazi hiyo, na huifanya kwenye mwanga tu. Gizani jani halirekebishi hewa. Nasi tunapotaka kurekebisha hali iliyochafuka nyumbani, ni vizuri tujiulize kwanza: leo nimekaa kwenye mwanga kwa muda gani?

Nasema hivi kwa sababu kumrejesha aliyeharibikiwa kuna gharama. Mwili unalijua hilo. Ukikimbiza daladala kwa nguvu zako zote, misuli ya miguu huhitaji nguvu kwa kasi kuliko oksijeni inavyoweza kuifikia. Hapo huivunja sukari bila oksijeni. Kutoka kwenye glukosi moja hupata ATP mbili tu, na mabaki yake ni asidi ya laktiki, ambayo huingia kwenye damu. Sehemu ya mabaki hayo hupokelewa na ini, likayaunda upya kuwa glukosi na kuirudisha kwenye damu, msuli uitumie tena. Mzunguko huu unaitwa kwa jina la Carl na Gerty Cori, mume na mke waliofanya utafiti pamoja na kupata Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1947. Sasa tazama hesabu yake: msuli ulipata ATP mbili, lakini ini hutumia sita kuirudisha glukosi hiyo moja. Anayerejesha hulipa zaidi ya alichofaidi aliyetumia.

Ndugu yangu, huo ndio uzito wa msamaha. Aliyekutolea neno la ukali alipata nafuu ya dakika moja. Wewe unayemsamehe unalibeba siku nyingi, unaliombea, unakataa kulirudisha kama lilivyokuja. Si haki kwa hesabu zetu, na sitakuambia kwamba ni rahisi. Wala kusamehe si kurudi mahali unapopigwa. Aliye hatarini atafute usalama kwanza, na anaweza kusamehe akiwa mbali. Lakini ini halifanyi kazi hiyo kwa akiba yake peke yake. Nalo hulishwa, hupokea oksijeni, hujazwa. Kama unajaribu kusamehe kwa nguvu zako tu, huenda ndiyo sababu umechoka hivyo. Sisi tulisamehewa kwanza, kwa gharama ambayo hatukuilipa. Tunasamehe kutokana na kile tulichopokea.

Na tunakipokea kwa siku. Mana jangwani iliokotwa ya kutosha siku hiyo, na aliyeilaza kwa kutoamini aliikuta asubuhi ina mabuu. Upendo wa mwaka jana hauwezi kumvumilia mwenzako wa leo. Inabidi uombwe leo, upokewe leo, utumike leo.

Wiki hii, kabla hujashika simu asubuhi, kaa kwanza dakika chache mbele za Mungu upokee. Kisha mchague mtu mmoja tu, yule ambaye moyoni ulishamhesabu kuwa amekwisha: mtoto aliyekuangusha, au jirani mliyenuniana. Usingoje hadi uwe na maneno mazuri. Mpigie, msalimie, muulize ameshindaje. Akijibu kwa mkato, usikate tamaa. Kesho utajazwa tena, na utakuwa na cha kumpa.