Babu Asiyeandikwa

Rafiki yangu wa Tunduma anamtafuta babu yake Mtaliano. Bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilijengwa na kampuni ya Kitaliano na kukamilika 1968. Mafundi wakaondoka. Bibi yake alibaki na mimba, akaolewa na Mnyamwanga aliyempa mtoto jina la ukoo wake.

Sehemu kubwa ya Italia ina daftari za serikali za vizazi tangu 1866. Lakini daftari humjua aliyeandikwa tu, na mtoto huyu hakukiriwa na mtu. Ndiyo maana rafiki yangu ameagiza kipimo cha vinasaba. Tena ana haraka: tangu 2025 sheria ya Italia imebana uraia wa nasaba, na kwa kawaida haivuki babu.

Je, ana haki? Damu ni yake, sikatai. Ila mate yake yatajibu swali ambalo bibi amelikwepa zaidi ya miaka hamsini, na bibi yu hai, anakaa nyumba ileile aliyojengewa na mumewe. Wanyamwanga waligawanywa na mpaka wa wakoloni, na bado msiba ukitokea Nakonde, watu wa Tunduma huvuka kwenda kuzika. Hakuna anayeulizwa cheti.

Nilimwambia aanze kwa kumwomba bibi ruhusa. Akanijibu, “Na akikataa, baba yangu naye afe bila kujua?”

Baba yake hajawahi kuuliza. Sijui kama huko ni kutojua, au ni heshima.