Anayesahau Jina Lake

Je, mtu akisahau jina lake, watoto wake na hata Sala ya Bwana, amebaki kuwa nani?

Mwaka 2014, nchini Uingereza, mzee John Gerrard, aliyekuwa na dimensia, yaani ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na akili, alilazwa hospitalini kwa vidonda vya mguu. Kwa wiki tano jamaa zake walizuiwa mara nyingi kumwona. Vidonda vilitibiwa, lakini aliporudi nyumbani hakuweza tena kutembea. Akafariki mwaka huohuo. Binti yake, Nicci Gerrard, pamoja na Julia Jones wakaanzisha kampeni ili jamaa waruhusiwe kukaa na wagonjwa wa namna hii.

Walidai jambo la haki. Mgonjwa huyo hawezi kueleza kiu wala maumivu yake. Anayemjua humsemea.

Sisi Walutheri twalifahamu jambo hili. Twabatiza mtoto mchanga asiyeweza kusema “naamini”. Wazazi na wasimamizi humsemea. Ikiwa neema haikungoja kumbukumbu zetu mwanzoni mwa maisha, haitatuacha zinapotuacha mwishoni. Isaya 49 yatufundisha kwamba hata mama akimsahau mwanawe, Mungu hasahau.

Wengine husema, “Tumtembelee wa nini? Atasahau kwamba tulikuja.” Ni kweli, atasahau. Lakini kiu yake ni ya sasa, na hofu yake ni ya sasa. Wapendwa, twende, tumpe maji, tumwite kwa jina lake.